Nyumba ya Fremu na Nyumba ya Baraza

Jumanne, 1 Julai 2025

Karasha imeondoka. Lori lilifika Nyarugusu asubuhi, vijana wakaifunga minyororo, wakaipandisha. Nilikaa juu ya ndoo nikatazama. Mashine ile ya kusaga mawe imemsomesha binti yangu — na imenila mapafu. Tumemalizana.

Hela ya kuiuza iko benki. Sasa nyumba. Tangu nimwoe Mwasiti tunaishi vyumba vya watu, tunahamishwa kama mbuzi wa mnada. Inatosha!

Daktari wa Mwanza aliniambia mwezi wa tano. Si TB. Ni vumbi la mawe, limekaa kifuani na halitoki. Mwasiti nimemwambia vumbi. La kutotoka sijamwambia.


Ijumaa, 4 Julai

Dalali anaitwa Davis. Kijana wa viatu vilivyochongoka, simu mbili. Ametupeleka Katoro. Nyumba kubwa, bei ndogo. Ukiona hivyo jiulize. Nyuma yake baa, spika zimeelekezwa dirishani. Davis anasema usiku wanapunguza sauti. Mwasiti akamuuliza kama yeye mwenyewe angelala pale. Akacheka, akasema yeye hajaoa.

Tumerudi Geita na vumbi hadi kwenye meno. Nimechoka.


Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mwasiti hakwenda sokoni, vitenge vyake vimepumzika. Nimelala mchana kutwa. Amenisugua mgongo kwa mafuta ya karafuu.


Jumatano, 9 Julai

Nimeipata! Bombambili, karibu na barabara. Vyumba vinne, viwili vina mlango wao, vinapangishika. Mbele kuna fremu moja ya duka. Maji ya bomba, luku ipo, mabati mapya, choo ndani. Hospitali ni bodaboda ya muda mfupi. Ukuta wa tofali za kuchoma, hautaki fundi kwa miaka.

Nimeikagua kama ninavyokagua mawe. Nikapanda ngazi ya fundi kutazama kenchi, mbao zinazobeba mabati — vipandio vichache tu, nikashuka naona nyota. Davis akaniletea maji. Akasema, "Mzee, nyumba hii hata mama akibaki peke yake haimsumbui."

Ni kweli. Ndiyo sababu naitaka.

Ubaya wake: haina uwanja. Mbele barabara, malori yanapita, vumbi jekundu limeganda kwenye nyavu za madirisha. Mwasiti alipitisha kidole kwenye wavu, akakitazama, akajifuta kwenye kanga.


Alhamisi, 10 Julai

Yeye ameona nyingine. Nyankumbu, kwa ndani, mbali na lami. Mwenye nyumba ni Bibi Eufrasia, mwalimu mstaafu. Miguu imemchosha, anahamia Chato kwa binti yake. Mwasiti ananisimulia huku anasonga ugali, mwiko umesimama hewani: baraza pana, miparachichi, kisima, upepo!

Nikamwuliza mabati. Ya zamani. Dari? Lina madoa mawili. Kisima kimesafishwa lini? Hajui. Bei? Akaitaja. Nikaweka tonge chini.

Nyumba ile inakula hela yote, na masika ikianza itadai nyingine. Nani atapanda juu ya bati kuziba? Sikuuliza hivyo. Nilisema tu ni mbali na soko lake.

"Soko ni langu," akasema. "Miguu ni yangu."


Jumapili, 13 Julai

Kaka Mwigulu amekuja kutoka Ushetu, kaleta kuku na karanga. Nikamwamkia shikamoo kaka, akaitika marahaba, akanitazama kifua kabla ya uso. Habari zimefika huko.

Alikula, akanawa, akaanza. Kwa nini ninunue nyumba kwa watu? Kwetu eneo lipo, la baba. Nijenge nyumbani, karibu na makaburi ya wazee. Mji si kaya. Nikamwambia Mwasiti hajui kulima tumbaku, kazaliwa Ujiji, kakulia dukani. Akasema mwanamke hufuata.

Kisha, polepole: "Na hiyo nyumba ya mjini, itaandikwa jina la nani?"

"La Mwasiti."

Kuku wake alikuwa bado kafungwa miguu mlangoni, akipiga mbawa.

"Kwa hiyo wewe umeshapanga, ng'wanone," akasema. Ng'wanone! Kaniita mtoto, mimi mwenye mvi. Macho yalikuwa mekundu, sijui hasira, sijui nini. Hakulala. Alipanda basi la mchana.

Simlaumu. Anataka nilale kwetu. Ila namfahamu: akimkuta Mwasiti kwenye uwanja wa baba bila mimi, atamhesabu mgeni. Bombambili hatafika na ng'ombe wake kudai eneo.


Jumanne, 15 Julai

Nimetoa arubuni ya Bombambili. Davis na mwenye nyumba wameshuhudia. Sikumwambia Mwasiti. Nitamwambia Ijumaa, akitulia.


Jumatano, 16 Julai

Kikohozi. Sikuandika kitu cha maana, wala sitaandika.


Ijumaa, 18 Julai

Leo nimemwambia.

Alikuwa anakunja vitenge kitandani. Nikasema nimeshalipa arubuni, Jumanne wiki ijayo tunaandikishana ofisi ya mtaa. Mikono haikusimama. Alikunja kimoja, akakunja cha pili.

"Na mimi nimelipa," akasema.

Nikadhani sijasikia.

Amelipa arubuni kwa Bibi Eufrasia! Hela yake ya vitenge, ya mzigo wa mwezi ujao. Tangu Jumatatu. Siku moja kabla yangu.

Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaniletea beseni, akanishika paji la uso kama mtoto. Nilipotulia nikamweleza taratibu, kwa pumzi niliyobaki nayo. Vyumba vya kupangisha. Fremu ya duka lake. Mabati mapya. Kila kitu nimepima kwa ajili yake.

"Najua," akasema. "Nimeiona nyumba yako. Ni nyumba ya mjane."

Nikaweka beseni chini.

"Unaninunulia nyumba ya mjane, Baba Zamoyoni. Mume wangu yu hai, anakohoa hapa mbele yangu, na anatembea na dalali kunitafutia pa kukaa eda."

Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema hajaambiwa na mtu. Analala na kifua hiki, anakisikia. Na Zamoyoni anasomea unesi Tabora, alimweleza mama yake kwa simu vumbi la mawe hufanya nini. Tangu mwezi wa tano wanajua, mama na binti, wananitazama tu ninavyojificha. Mimi nilidhani nawahurumia.

"Kule Nyankumbu," akasema, "nilikaa barazani kwa Bibi, nikavuta hewa kwa ajili yako. Haina vumbi. Utakaa pale. Mwaka, miaka, Mungu ndiye mwenye hesabu. Mimi nataka nyumba ya mke."

"Na baada yangu? Lile bati?"

"Bati nitaita fundi! Kwani mafundi watakufa wote siku utakayokufa wewe?"

Tulicheka. Halafu akalia. Kisha akamalizia kukunja vitenge vyake.


Jumamosi, 19 Julai

Tumeshinda tunabishana, bila kupandisha sauti — mimi siwezi, yeye hataki. Nasema hela ikiisha kwenye nyumba atakula nini. Anasema alikuwa anakula kabla hajanijua. Nasema kisima. Anasema parachichi. Nasema hospitali mbali. Hapo alisita. Akaenda nje akarudi. Akasema jirani wa Bibi ana bajaji, ameshaongea naye.

Kumbe alishafikiria hata hilo. Kila mmoja wetu kampimia mwenzake nyumba, hakuna aliyejipimia mwenyewe. Nimechoka hadi mifupa. Nikizidi kubisha naona kama namfukuza kwenye siku zilizobaki, nikikubali naona kama namwacha chini ya paa linalovuja.


Jumatatu, 21 Julai

Kaka Mwigulu amepiga simu. Hakutaja nyumba. Kauliza nakula? Nalala? Mwishoni kasema, huyo mke wako nisalimie. Mara ya kwanza sijui tangu lini.


Jumanne, 22 Julai

Naandikia Nyankumbu. Mwasiti kaniomba kitu kimoja tu: kabla ya kwenda ofisi ya mtaa kule Bombambili, nije nikae hapa. Tukaja kwa bajaji ya huyo jirani. Dereva mpole, anapunguza mwendo kwenye makorongo bila kuambiwa.

Bibi Eufrasia nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti cha kamba, akaingia ndani kuchemsha chai. Vyombo vyake vingi vimeshafungwa kwenye maboksi. Nyumba imechoka, kusema kweli. Nguzo moja ya baraza inaliwa na mchwa. Dari madoa si mawili, ni manne. Kisima kimefunikwa bati lenye kutu. Nimeshahesabu moyoni fundi wa nguzo, fundi wa dari, mtu wa kisima. Siachi, mazoea.

Upepo unatoka upande wa mashamba. Nimekaa muda sasa. Sijakohoa.

Mwasiti kasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Usinitajie bati. Niambie kitu kimoja, ukweli. Hapa unapumuaje?"

Nikamwambia anipe muda. Ameingia ndani kumsaidia Bibi vikombe.

Saa ya kuandikishana imefika. Davis amenitumia ujumbe: mwenye nyumba yupo ofisini na mwenyekiti wa mtaa, kuna mteja mwingine anaitaka ile ya fremu, nisipotokea arubuni inapotea. Ni kweli, tulikubaliana hivyo.

Simu inaita. Davis. Iko mapajani kwangu, inatetemeka juu ya daftari, mwandiko unaharibika.

Mwasiti huyo anatoka na sinia. Kasimama mlangoni. Hatazami uso wangu, anatazama mkono — kama nitapokea.