Likizo Yangu na Matawi Yaliyokwama

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Tatu
Jumapili, 9 Machi

Dada mpendwa,

Hujambo wewe na wote hapo nyumbani? Mgongo umetulia, au bado unakusumbua ukiinama? Mimi mwili mzima, moyo ndio hauna raha. Na Mama je? Uliniambia kwamba juzi alikuita kwa jina la shangazi. Maneno hayo hayajanitoka.

Nilikuahidi nakuja mwezi huu. Siji, dada. Bosi amefuta likizo yangu, na sababu yake utaicheka kwa uchungu.

Programu tunayoitunza kazini haikai sehemu moja. Kila mmoja wetu ana nakala kamili kwenye kompyuta yake, pamoja na kila badiliko lililofanywa tangu mwanzo. Kila mtu hufanya kazi kwenye tawi lake, yaani toleo lake la pembeni, kisha matawi huunganishwa kuwa programu moja. Yeyote anaweza kuunganisha, ila wenzangu wanaogopa kuharibu, wananitupia mimi. Wananiita Gundi.

Basi nikamfundisha jirani yangu wa meza, tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake. Alhamisi akaunganisha peke yake, akafuta kazi ya mwenzetu ya wiki nzima. Mimi sikugusa kitu. Profesa mwenyewe akaikuta kazi ile nzima kwenye kompyuta ya mwingine, akairudisha kabla chai haijapoa. Nilifurahi mno, kumbe wanaweza bila mimi.

Bosi akaona kinyume. "Umeona mambo hayo? Na hapo upo. Ukiondoka je?" Nikamwambia hakuna kilichopotea. Akanipiga bega, "Gundi, wewe ni mtu muhimu sana." Sasa kila mtu amekumbatia tawi lake akinisubiri, nami nakaa kwenye kiti kile kile, kando ya dirisha lisilofunguka. Nimekwama, dada, na nina hasira.

Programu yao, hata ofisi ikiungua, ipo kwenye kompyuta saba. Utoto wetu anao Mama peke yake, na unafutika mimi nikiwa hapa. Kaa naye. Muulize habari za nyumba ya zamani, za Baba, za siku niliyozaliwa. Akikosea usimsahihishe. Wapwa wangu nao wasikilize, ili tubaki nazo wengi.

Msalimie shemeji, na shangazi pia. Mungu awafunike kwa rehema zake. Mama akiniulizia, mwambie niko njiani. Asiponiulizia tena, mwambie hivyo hivyo.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba