Baba, Fedha Imegeuka Rangi ya Chai

Baba,

Wiki hii nimeona jambo ambalo ungeniuliza maswali yake mpaka chai ipoe kikombeni. Ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu tukuzike, na bado nikiona kitu kigeni nataka kukimbia nyumbani Kimulot nikusimulie.

Nimeanza utafiti chuoni, kwenye maabara ya viini vya magonjwa. Tunatengeneza chembe za fedha, ile fedha ya pete, ila ndogo hivi kwamba darubini ya kawaida haizioni. Na unajua tunazitengeneza na nini? Majani ya chai! Unayachemsha, unachuja, unamimina kwenye maji yenye chumvi ya fedha. Maji yaliyokuwa meupe yanageuka manjano, kisha kahawia. Nilicheka peke yangu. Ulipeleka chai kwenye kituo cha kuuzia majani maisha yako yote na hukujua ina ufundi huo.

Mwalimu wangu alitaka majani makubwa, yaliyokomaa. Nikamletea yale machanga tunayouza, majani mawili na chipukizi, kikapu kizima, safi kabisa. Akanirudishia kikapu. Baba, mikono ilikataa! Ulivyotugombeza kwa kuchuma majani mazee, nisingeweza. Ilibidi nirudi shambani.

Chembe zikiwa tayari, tunaziunganisha na peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Hizi zetu zimeigwa kutoka ngozi ya chura. Ndiyo, chura. Anashinda kwenye matope na ngozi yake haiozi; nani aliwahi kujiuliza kwa nini? Peptidi hutoboa ganda la bakteria, na fedha ikapenya kuvuruga mambo ndani. Ulipolazwa ulimuuliza nesi, "Sasa hii dawa inajuaje kidonda iko mguu?" Akacheka, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Jibu la ile dawa bado sina. Lakini hizi peptidi huvutwa zaidi na umeme kidogo ulioko kwenye ganda la bakteria, kuliko ule wa seli zetu. Ungefurahi kusikia.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Panga lilipokukata mguu ukipogoa chai, ulinituma agroveti, duka la dawa za mifugo, nikununulie tyubu ya dawa ya kiwele cha ng'ombe. Ulisema, "Kama imeponya ng'ombe, mimi ni nani?" Na mimi, msomi wa viini, nikainunua. Nikaikamua kwenye kidonda kwa mikono yangu. Wiki tatu zilipita kabla hatujakupeleka hospitali, na kila dawa waliyojaribu, bakteria wale walikuwa wameizoea zamani. Naumia, Baba. Sijui niseme vipi. Naumia.

Jumatatu nilipanda bakteria wa aina hiyohiyo kwenye sahani za maabara. Palipowekwa peptidi peke yake, walikufa kidogo. Fedha peke yake, kidogo pia. Zote mbili pamoja, duara pana, safi, hakuna kilichoota! Nilipiga kelele mpaka mwalimu akaja mbio. Lakini jana tulijaribu kipimo kilekile kwa seli za ngozi ya binadamu, nazo zikafa nyingi. Kwa hiyo si dawa bado.

Mama hangojei majaribio. Mwezi uliopita alijikata kidole akiwakatia ng'ombe majani, akaniomba chupa ya zile chembe za fedha nilizomsimulia. "Si unipake kidogo tu? Baba yako angekubali." Na kweli ungekubali, tena ungesogea dirishani penye mwanga uone inavyofanya kazi. Nilikataa. Nilimpeleka zahanati asubuhi ileile, amenuna njia nzima, na kila siku nikampigia simu mpaka akameza kidonge cha mwisho. Kidole kimepona, ingawa bado ananisema kwa majirani.

Nitaendelea kutafuta kile kipimo kinachoua bakteria na kuiacha ngozi hai. Huenda kisiwepo. Nataka kujua hata hivyo. Ila nakuahidi hili: sitampaka mtu kitu nisichokijua, hata akinisihi kwa jina lako.

Kwaheri, Baba. Nisamehe kwa kukutii.

Binti yako,
Chebet