Kiti Chenye Alama za Chaki

Paris, Februari 1911

Dada Soazig,

Dagaa wa kopo wamefika, asante. Nimewala hapa hapa kitini. Mume wangu Fulbert amechora chaki kuzunguka miguu ya kiti, na akitoka hunifungia mlango, eti nisiharibu mkao. Huu ni mwezi wa nne tangu aanze kunichora! Wenzake wanaapa picha hii itageuza uchoraji wote.

Jana Madam Pouchet, mtunza jengo, alifungua kwa ufunguo wake wa akiba, akaitazama picha.

"Mwanangu, uko wapi hapa? Mimi naona vigae vilivyovunjika tu!"

Picha zangu za kamera mume wangu alizichoma zote. Anasema kamera huongopa.

Nitandikie kitanda huko kwako. Jumanne Madam atanifungulia. Polisi watamwomba Fulbert picha ya mkewe aliyepotea, naye anayo hiyo moja tu ya vigae.

Mdogo wako,
Annaïg