Ukili Aliorudi Nao Zena

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Ruaruke tu wazima, na mpunga wa babu yako umechanua. Umeniuliza kama nakuonea wivu kwenda Komoro na wenzako, mnakojifunza kusuka mikeka na kula vyakula vya huko. Nakuonea, tena sana.

Ujanani kikundi chetu cha wasukaji kilialikwa hukohuko. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, baba yako, akaenda mke mwenzangu Zena. Aliporudi alisifia samaki wao mpaka nikachukia kupika wa kwangu. Akawa anasuka barazani ukili wa kule, ule mkanda wa mkeka wenye mtindo wao, nami najifanya siutazami. Baadaye nikausuka wote, na aliyenuna akawa yeye.

Kumbe wivu una macho.

Picha ulizonitumia zinatosha. Jifunze ukili mpya, uje unifundishe mimi kwanza, kabla bibi yako Zena hajauona.