Shati la Mkono Mmoja

Duka la Fotokopi,
Nyuma ya Stendi.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa kaka Profesa,

Hujambo huko kwenye vitabu? Macho yanaendeleaje na ile miwani mpya? Huku wazima. Mama yako, mama mkubwa wangu, goti limetulia na kelele zimerudi. Mimi nadunda. Mwenye duka akitoka, mashine zote nne nazitawala mimi, niliyeishia kidato cha pili.

Juzi mwanafunzi aliyerudi likizo alileta jarida la chuo chenu nimtolee nakala za insha iliyoshinda. Nikaona jina lako. Nikatamba mbele ya foleni nzima: "Huyo kaka yangu, damu moja." Kisha nikaisoma huku mashine ikimulika.

Kaka, ile ni barua yangu. Ile niliyokuandikia mama yangu alipofariki, ukashindwa kuja kuzika. Pini alizobana midomoni akishona. Shati langu aliloliacha na mkono mmoja. Hukubadilisha hata nukta. Ulichobadilisha ni mama. Umeandika aliyekufa ni wako.

Hongera basi. Miaka mitatu ya chuo, ukashinda kwa kichwa cha mtoro wa hesabu. Eti walimu wamesifu "mtindo wa kipekee". Waambie mwenye mtindo yuko huku, ana wino mpaka kwenye nywele.

Ungeniomba ningekupa, na nyingine juu. Ungeweka tu jina langu pale chini, hata kwa herufi za sisimizi.

Sasa mama mkubwa amesikia umeshinda. Anataka nimsomee insha Jumapili ya mwisho wa mwezi, mbele ya majirani. Nimsomee mtu mzima jinsi mwanawe alivyomzika? Mwambie mwalimu wako ukweli, na mama yako umwandikie mwenyewe, kabla ya siku hiyo. Usipoandika, nitaisoma kama ilivyo, nimevaa lile shati.

Halafu pale palipoandikwa "sikudondosha hata chozi", nilikuwa najigamba kwako tu. Nililia stoo, nimeling'ata lile shati nisisikike. Umeiba mpaka uongo wangu.

Shangazi anakusalimu, na fundi baiskeli wa jirani, na mama yako, ambaye yu hai. Mungu akujalie maneno yako mwenyewe.

Wako akupendaye, bado,
Mdogo wako Domo