Wanja Usiofutika

Mwanangu Zuhura,

Nimekaa barazani hapa Mabawa, na sina wa kumwambia hili ila wewe. Mdogo wako Salimu, ambaye hukumwahi, ametimiza umri uliokuwa nao ulipotutoka. Ana masikio yako na ubishi wako. Tangu mwezi huu uandame silali sawasawa.

Unaikumbuka vita yetu ya wanja? Ulirudi kutoka kwa bibi yako Usagara macho yamezungukwa na weusi. Nikakusugua kwa kitambaa mpaka ukalia. Bibi alikuja juu: "Miye sijampaka kitu mwanao, weye!" Sikumwamini, maana hapa kwetu nani akae na mjukuu asimpake wanja? Kesho yake weusi uko palepale. Kisha ukaanza kuchechemea, tumbo likawa gumu upande mmoja. Wakasema bandama, ukachanjwa chale. Kumbe haikuwa bandama, na wanja haukuwa wanja.

Daktari wa Dar ndiye aliyetueleza, nami nilimuuliza mpaka akachoka. Alisema mtoto akiumbwa tumboni huwa na chembe mama, changa bado, ambazo huzaa nyingine zikakua na kuwa mishipa ya fahamu. Zako baadhi zilikataa kukua. Zikabaki zinazaana tu, zikafanya uvimbe juu ya figo, zikasafiri hadi mifupa ya macho. Dawa ilipatikana kwa tabu, wakati ule hata glavu tulikwenda nazo wenyewe, na uvimbe ukanywea. Ukaomba maandazi. Baba yako alicheka, wodi nzima ikacheka naye.

Kumbe dawa iliua zile zinazozaana haraka. Chembe mama chache zilijificha, zikaanza upya. Jina hilo nimelichukia, Zuhura. Mama gani huyo?

Siku hizi ungeshangaa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni, sasa nachagua rangi. Kiwanda cha katani kimefungwa, baba yako anauza mitumba, na anavyoipigia debe utadhani kashona mwenyewe. Maduka ya dawa yapo kila mtaa. Lakini nikiuliza dawa ya kuzifikia zile zilizojificha, wananiletea za maumivu.

Daktari aliniambia ni nadra sana ugonjwa huu kuwapata ndugu wawili. Nilimwitikia, moyo haukuitikia. Kila asubuhi nambonyeza Salimu tumbo. Ameshaufanya mchezo, anajitupa chali kabla sijasema neno. Na wanja nimeupiga marufuku. Bibi yako mwenyewe hakuugusa tena, hata sikukuu.

Leo asubuhi Salimu karudi kutoka Usagara. Macho yamezungukwa na weusi.

Nilikaa chini, Zuhura. Niliona kila kitu kinarudi, safari ya Dar, sindano, wewe unavyonitazama. Nikachovya pembe ya kanga kwenye mafuta ya nazi, nikafuta jicho la kulia, halafu nikaogopa kuitazama kanga. Nikafumba macho. Nikasema ya Rabbi, si huyu.

Kanga ilikuwa nyeusi.

Nikafuta la kushoto. Nyeusi nayo! "Bibi kanipaka," akasema, "tunakwenda harusini." Nikaangua kilio, naye akanifuta machozi kwa vidole vyake, sasa uso wangu wote ni masizi. Nilitaka nikamgombeze bibi yako. Nikakumbuka amekaa miaka yote hii bila kumpaka mjukuu wanja kwa ajili yangu, hasira ikaisha.

Pumzika, mwanangu. Mungu akulaze pema. Ijumaa tutakuja kukuombea dua, na Salimu nitamwacha aje na wanja wake umwone alivyopendeza. Naahidi kujaribu kutombonyeza tumbo kila asubuhi.

Leo nimeshambonyeza.

Mama yako