Mapovu Sitini

Jumatatu, 9 Juni

Nimegeuza kahawa kwenye majamvi. Nimeondoa majani makavu ya migomba upande wa kaburi. Wiki ya tano tangu tumzike Kemilembe, binti yangu. Malaria, siku nne tu. Bado natoa vikombe viwili asubuhi, kisha narudisha kimoja.

Mchana simu. Zaituni wa Muleba, mwenzake Kemi wa chuo, waliyekuwa naye kwenye mradi mmoja. Mwalimu wao amezikataa namba za mchana zilizopimwa hapa Nyanga. Anasema zinaonyesha hewa mara tatu ya zile za asubuhi na jioni. Zisipoelezwa kufikia Ijumaa atazifuta, na jina la Kemi litaondolewa kwenye jalada la ripoti.

Sikumwambia Zaituni. Namba za mchana ni zangu.

Jumanne, 10 Juni

Niandike ilivyokuwa, nisijidanganye.

Likizo ya mwisho ya Kemi tulikamua ndizi pamoja, tukatengeneza lubisi, pombe yetu ya ndizi, kama kawaida. Sehemu akaitia kwenye ndoo, akabana mfuniko, akachomeka mpira mwembamba mpaka kwenye chupa ya maji. Lubisi ikichachuka, hewa inatoka kwenye maji povu moja moja. Kazi ya Kemi ilikuwa kugeuza mapovu yale kuwa moli kwa saa. Moli ni fungu la kuhesabia vitu vidogo sana, alisema, kama sisi tunavyosema mkungu bila kutaja ndizi ngapi.

Siku alizokwenda mjini Bukoba aliniachia mimi, Ta kama alivyomwita baba yake, daftari nihesabu za mchana. Siku ya kwanza nilimwambia, "Sitini."

"Sitini nini, Ta? Mbuzi?"

"Mapovu."

"Kwa muda gani?"

Nikamwonyesha rozari. Saa ya ukutani ilishakufa, na simu yangu haionyeshi sekunde. Nilihesabu mapovu kwa muda wa kusali Salamu Maria kumi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema niendelee hivyohivyo, atazigeuza mwenyewe akirudi chuoni.

Hakurudi. Zaituni alitumiwa namba tupu, amezisoma kama mapovu ya dakika moja. Angejuaje?

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia, nimemweleza. Akauliza Salamu Maria kumi ni dakika ngapi. Sijui. Nimejaribu kwa simu. Dakika tano. Mara ya pili karibu sita. Mwezi ule nilisali kwa mwendo gani? Naogopa. Nikikosea, nitakuwa nimemfuta mwanangu kwa mkono wangu.

Alhamisi, 12 Juni

Basi la asubuhi mpaka Muleba. Mama yake Zaituni alinipa chai na pole, akatuacha sebuleni. Zaituni akashika simu kupima.

"Baba, sisi Waislamu hatuisali hii, sitajua ukiruka. Sali tu unavyosali nyumbani."

Dakika tano na sekunde kumi. Mara ya pili nilifika ya saba, sauti ikakata. Zaituni akaweka simu kifudifudi mezani. Nilimshukuru moyoni.

Kisha akaanza kufungua daftari la Kemi, nililokuja nalo, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka kwenye mistari. Kikasimama mahali. Jioni moja Kemi alirudi kutoka mjini akanikuta bado nahesabu. Akahesabu naye kwa simu yake, kwenye chupa ileile. Mwandiko wake: 20 kwa dakika. Chini yake wangu: 60.

"Dakika tatu!" Zaituni alisimama. "Baba, zamani ulikuwa unasali mbio."

"Zamani kahawa ilikuwa inaningoja juani."

Alicheka. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Akanifanyia hesabu taratibu. Mapovu manne ni mililita moja. Ishirini kwa dakika ni mililita tano, yaani mililita mia tatu kwa saa. Kwa mwinuko wa kwetu, lita ishirini na nane ndizo moli moja. Basi ni milimoli kumi na moja hivi kwa saa. Yeye alikuwa amepata thelathini na mbili. Zote za mchana akazigawa kwa tatu. Zikakaa katikati ya za asubuhi na za jioni, kama mtu aliyerudi mahali pake.

Mimi nimebaki na tano badala ya tatu. Hizo dakika mbili sijui nizipeleke wapi.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua. Nimeanua kahawa mara mbili. Simu haijalia.

Jumamosi, 14 Juni

Zaituni amepiga asubuhi. Mwalimu amekubali. Jina la Kemilembe liko juu, la Zaituni linafuata.

Nimekwenda kumwambia kaburini. Kisha nimekamua ndizi peke yangu, nikajaza ndoo, nikachomeka mpira wake kwenye chupa. Jioni mapovu yameanza. Nimekaa na rozari.

Nimeandika 97 kwenye daftari lake, na mbele yake: mapovu, kwa Salamu Maria kumi, za sasa.

Si mbuzi, mwanangu.